Nimeona boti Mtwapa, nataka kuileta Tanga mwezi wa saba

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimezaliwa Chumbageni, lakini kazi imeniweka Dodoma karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Mwaka huu nimefikisha miaka 55 na nimeomba kustaafu kwa hiari. Mafao yakitoka nataka kurudi nyumbani nifanye kitu ninachokipenda, na hicho kitu ni bahari.

Rafiki yangu wa Mombasa kanionesha boti inayouzwa kwenye hori ya Mtwapa, ule mkono wa bahari kaskazini ya Mombasa. Ni ya faiba, futi 36, ilitengenezwa mwaka 1978, aina ile inayoitwa trola: omo, yaani mbele, imeinuka, umbo lote limeigizwa meli za kuvulia za Ulaya, ila ndani ni nyumba kamili. Ina vyumba viwili vya kulala, choo, jiko la gesi, sebule yenye madirisha pande zote, na juu kuna usukani wa pili. Injini ni moja ya dizeli, Ford Lehman ya nguvu za farasi 120. Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza anayerudi kwao kwa sababu ya afya. Anataka dola 36,000, na amesema nikimtumia dola 3,600 za kuishikilia ndani ya wiki mbili hatamuuzia mwingine. Ati kuna mteja wa pili anaiulizia.

Nilikwenda kuiona mwezi uliopita. Nilipofika injini ilikuwa tayari inanguruma. Tukazunguka horini nusu saa, ikaenda vizuri, moshi hakuna. Nilipomuuliza kama tunaweza kuitoa majini niione chini, akasema haina haja, ilipakwa rangi mwaka jana na kuipandisha ni gharama.

Nataka niitumie kupeleka wageni visiwa vya Jambe na Ulenge, na wanaopenda kuvua kwa starehe. Nimepanga tuilete wenyewe mwanzoni mwa mwezi wa saba, shule zikiwa bado zimefungwa: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na shemeji yangu ambaye ana faiba yake ya uvuvi pale Sahare. Shemeji anasema Mombasa na Tanga ni pua na mdomo, unatoka alfajiri, magharibi unakunywa chai nyumbani.

Mke wangu amegoma. Anasema yeye na wanawe hawapandi boti iliyozaliwa kabla yake. Hata kaka yake mwenyewe, huyo huyo shemeji, ameshindwa kumlainisha. Nisaidie Mzee. Niinunue? Na nikiinunua, niilete vipi?

Mstaafu mtarajiwa, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na ile hela ya kuishikilia boti, maana hiyo ndiyo yenye haraka.

Usitume hata senti mpaka kuwe na karatasi iliyosainiwa na nyote wawili, inayosema boti itakaguliwa ikiwa nje ya maji, itajaribiwa baharini, na usiporidhika unarudishiwa hela yako yote. Asilimia kumi ni kiasi cha kawaida katika biashara hii, sikulaumu wala simlaumu muuzaji. Lakini kawaida hiyo ina nusu ya pili, nayo ni kwamba hela inakaa mahali pa salama, kwa wakili mathalani, mpaka mkaguzi aandike ripoti yake. Muuzaji anayetaka nusu ya kwanza na kuikataa ya pili hauzi boti, anauza matumaini. Na huyo mteja mwingine yupo katika kila boti inayouzwa duniani, usikose usingizi kwa ajili yake.

Sasa umeniandikia jambo dogo ukalipita haraka: ulipofika, injini ilikuwa inanguruma. Injini ya dizeli iliyochoka huwa na tabu moja kubwa, kuwaka asubuhi ikiwa baridi. Ikishapata moto inakwenda na kuficha aibu zake zote. Sisemi mzee huyo alikuficha kitu, huenda alitaka tu usisubiri. Ila safari ya pili mwambie mapema kwamba unataka kuikuta imelala tangu jana. Ukifika weka kiganja juu ya chuma cha injini kabla hajagusa ufunguo. Ikiwaka, mtu mmoja asimame tezi, nyuma ya boti, aangalie moshi. Moshi mweupe kidogo unaoisha ndani ya dakika chache si neno. Mweupe usioisha, au wa buluu, au mweusi mnapoongeza mwendo, kila mmoja una habari yake na fundi atakusomea. Na horini pale hamkuipima. Mtoke nje ya mwamba, muiendeshe saa mbili kwa mwendo wake wa kawaida, halafu muipe moto kamili dakika kumi huku fundi akiangalia kipimo cha joto.

Injini yenyewe si mbaya. Ile Ford Lehman msingi wake ni injini ya Ford ya Uingereza iliyofanya kazi kwenye malori na mitambo ya mashamba, ikabadilishwa ipozwe kwa maji ya bahari. Haina kompyuta, fundi yeyote wa dizeli anayejiheshimu anaielewa. Ikitunzwa inazeeka na mwenyewe. Lakini muulize mzee swali hili kwa sauti ya kawaida tu: pampu ya kusukumia dizeli unaibadilishia oili kila baada ya muda gani? Kwenye injini hiyo pampu ina oili yake peke yake, mbali na ya injini, na inabadilishwa kila baada ya saa 50 za kazi. Akikujibu papo hapo na kukuonesha daftari, umempata mtu aliyeitunza. Akikuuliza "pampu gani?", punguza bei kichwani mwako hapo hapo.

Tuje kwenye kuitoa majini. Anasema gharama. Sawa, basi mwambie bahari itaitoa bure. Boti za namna hiyo zina mkuku, ule uti wa chini ya boti, mrefu ulionyooka, na kina chake ni kama mita moja na robo, na bamvua ya Mombasa, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wewe mtoto wa Tanga unajua maji ya bamvua yanajaa saa kumi na yanakupwa saa nne. Chagueni siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Saa kumi jioni, maji yamejaa, boti inasogezwa kwenye nguzo au gati mahali penye mchanga mgumu, si tope, inafungwa vizuri iegemee. Usiku inakauka, alfajiri inaelea tena, na ikifika saa mbili asubuhi mkuku umeshakaa chini. Mnapata saa nne au tano za mwanga wa jua kuizunguka kwa miguu. Mababu walipaka vyombo vyao hivyo hivyo. Kama karakana ya karibu ina trekta na toroli ya kuibeba ni vizuri zaidi, maana unaweza kuiacha juu ikauke siku kadhaa, lakini asikuambie haiwezekani.

Mkaguzi umtafute wewe na umlipe wewe, asiwe rafiki wa muuzaji wala wa rafiki yako. Mwambie aanze na sitaha. Boti nyingi za aina hiyo zilizojengwa Hong Kong, Singapore na Taiwan miaka ya 1970 zilivikwa mbao za msaji juu ya faiba, na mbao zikakazwa kwa skrubu nyingi mno. Kila skrubu ni tundu. Baada ya miaka 40 na kitu maji yanapenya, na kile kilichomo kati ya tabaka mbili za faiba kinageuka uji. Hili hata wewe unaweza kulisikia: chukua bisibisi, gonga sitaha kwa mpini wake ukitembea taratibu kutoka omo hadi tezi. Pakavu panalia kwa sauti kali. Palipooza panajibu kwa sauti ya kufa. Kipande kidogo kinatengenezeka, ila ukikuta nusu ya sitaha inajibu hivyo, hiyo dola 36,000 si bei tena.

Kingine ni matangi ya dizeli. Mengi ni ya chuma cheusi, na yanaoza kuanzia juu, kwa maji yanayovuja kutoka sitahani kando ya mdomo wa kujazia. Yako pembeni ya injini, na kuyatoa mazima mara nyingi ni kukata sakafu au kuing'oa injini kwanza. Piga magoti na tochi uchungulie chini yake kwenye ngama, ile sehemu ya chini kabisa ndani ya boti yanakokusanyika maji. Ukiona kutu inayomenyeka na rangi ya dizeli kwenye maji ya ngama, mpigie fundi akupe bei ya matangi mapya kabla hujaongea bei ya boti.

Chini mkaguzi ataangalia malengelenge ya faiba, uchezaji wa shafti na usukani, zinki zimeliwa kiasi gani, na koki zote za maji ya bahari kama zinageuka kwa mkono. Hayo anayajua, mwachie.

Karatasi sasa, na hapa ndipo wastaafu wengi hulizwa. Boti ya Mwingereza inaweza kuwa imeandikwa kwenye daftari lao la vyombo vidogo, utaona herufi SSR na tarakimu zimebandikwa nje. Daftari hilo linaonesha chombo kina haki ya kupeperusha bendera ya Uingereza, basi. Halithibitishi ni mali ya nani. Kwa hiyo dai hati za mauziano za nyuma, za yeye kuuziwa na za aliyemuuzia yeye ikiwezekana, na hati yako wewe isainiwe mbele ya wakili. Kisha nenda wewe mwenyewe forodha ya Kenya uulize swali moja: boti hii iliingia nchini kwa kibali cha muda au ililipiwa ushuru? Kama iliingia kama chombo cha mgeni anayepita, kuiuza pale pale kunaweza kuzua deni la ushuru, na deni linafuata chombo wala halimfuati mzee aliyekwisha panda ndege. Upande wa nyumbani, kaa na TRA kabla ya kulipa, wakukokotolee ushuru na VAT ya asilimia 18 kwa maandishi. TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, nao uwaeleze wazi kwamba itabeba abiria kwa malipo. Masharti ya chombo cha biashara si yale ya boti ya familia: ukaguzi, vifaa vya uokozi, na cheti cha nahodha. Ukiyajua leo utayaingiza kwenye hesabu. Mimi nisingeinunua bila kubakiwa na theluthi nyingine ya bei mkononi kwa mwaka wa kwanza.

Haya, safari. Mwezi wa saba sahau.

Shemeji yako hadanganyi, anapima kwa faiba yake. Faiba nyepesi yenye mashine nzuri ya petroli inaruka juu ya maji. Trola haiwezi kuruka hata uipe injini mbili. Ni chombo kizito cha kusukuma maji, futi 36 inakwenda noti saba, yaani maili saba za baharini kwa saa, nane ukiilazimisha, na kuilazimisha ni kumwaga dizeli tu. Kutoka Kilindini, bandari ya Mombasa, hadi Tanga ni kama maili 70 za baharini. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ikivuma unapata nguvu, kwenye mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya Pemba na bara, unaweza kufika noti nne. Chukua noti tatu tu uzitoe kwenye saba. Zimebaki nne, na maili 70 kwa noti nne ni zaidi ya saa 17, upepo wa kusi ukikupiga usoni muda wote na maji yakiingia juu ya omo. Mtatoka alfajiri, na saa tano usiku mtakuwa mnatafuta mlango wa Tanga kati ya miamba gizani, kukiwa na nyavu na ngalawa zisizo na taa, na watoto watatu wanaotapika. Hiyo chai ya magharibi ataikunywa peke yake huyo shemeji.

Wengine watakuambia usubiri kaskazi, upepo wa kaskazini, ikusukume mgongoni kama majahazi. Kwa jahazi ni kweli. Kwa boti ya injini mimi napenda zaidi tanga mbili, ile Novemba ambapo kusi imekufa na kaskazi haijakomaa. Mkondo umelegea, upepo ni wa kubabaisha. Kaskazi ikishika, Januari hivi, inavuma dhidi ya mkondo unaopanda, na mawimbi ya mkondo wa Pemba yanakuwa mafupi yenye kusimama. Trola ina tabia ya kuyumba mbavu kwa mbavu, na mawimbi ya nyuma haiyapendi. Tahadhari ya Novemba ni mvua za vuli, zina vishindo vya upepo vya ghafla, kwa hiyo soma utabiri wa bahari wa TMA na wa wenzao wa Kenya siku tatu mfululizo kabla ya kung'oa nanga.

Igawe safari vipande vitatu. Siku ya kwanza Mtwapa hadi Kilindini, hapo mnamaliza uhamiaji na forodha ya kutokea, pasipoti za wote mkononi, na mnaeleza kwamba mtalala njiani Shimoni. Siku ya pili Kilindini hadi Shimoni, chini ya maili 40, mnatia nanga nyuma ya kisiwa cha Wasini ambako pamekingwa. Kesho yake ni maili 30 kuingia Tanga. Kila kipande kinaisha kabla ya saa tisa, jua likiwa juu bado. Ukija kutoka kaskazini jioni jua linakuwa machoni na mwamba hauuoni mpaka uusikie. Tanga mnapandisha bendera ya njano na kukaa chomboni mpaka afya, uhamiaji na forodha waje au wawaite.

Dizeli ya safari nzima haifiki lita 150, injini hiyo inakunywa kama lita nane kwa saa kwa mwendo huo. Bebeni mara mbili yake na msiwaze tena. Kinachosimamisha boti zilizokaa sana bandarini ni uchafu wa chini ya tangi. Horini umetulia miaka, ukitoka nje wimbi la kwanza linautibua, unakimbilia kwenye chujio, injini inakohoa na kufa, na mwamba uko maili moja upande wa pwani. Kwa hiyo matangi yasafishwe Mtwapa, mbebe machujio ya akiba yasiyopungua sita, na wewe mwenyewe, si fundi, uwe umeshabadilisha chujio na kutoa hewa kwenye mabomba ya dizeli gatini mpaka mikono izoee. Bebeni na impela ya pampu ya maji ya chumvi, na mkanda. Nanga iwe tayari omo na mnyororo wake haujafungwa mafundo, maana hiyo ndiyo breki pekee mliyo nayo. Redio ya VHF iwe wazi chaneli 16, kila mtu na jaketi lake okozi, na kama kuna kile kifaa cha kupiga ishara ya dharura kwa setilaiti, hakikisha kimesajiliwa kwa jina lako, siyo la mzee. Mnapoondoka, mtu wa nchi kavu awe na ratiba yenu na namba ya kituo cha uokozi cha Mombasa.

Kuhusu mkeo. Nimesoma barua yako tena na sikuona mahali aliposema usinunue boti. Amesema yeye na watoto hawasafiri nayo, na kwa safari hii ya kwanza yuko sahihi kuliko nyinyi wanaume wawili. Boti mpya kwako ni boti isiyojulikana, hata ikiwa na ripoti safi. Wao wapande basi. Wewe chukua shemeji, anajua bahari na ana macho ya kusoma maji, na mtafute mtu wa tatu mwenye cheti aliyewahi kuendesha chombo cha namna hiyo, mumlipe. Kwenye usukani huyo ndiye mkubwa, na hilo mkubaliane na shemeji kabla ya kufungua kamba. Mkeo mwoneshe ripoti ya mkaguzi, yote, hata kurasa mbaya. Mafao hayo ni ya uzee wenu wawili.

Boti ikae Mtwapa mpaka Novemba, ukiinunua. Utalipa maegesho miezi michache, na katika miezi hiyo ndipo matangi na sitaha vitatengenezwa. Leo usiku mwandikie mzee maneno haya, kwa adabu: "Naitaka boti yako. Nitaweka asilimia kumi kwa wakili siku utakayokubali ikauke kwa bamvua na ikaguliwe na mtu wangu, na siku hiyo naomba niikute injini ikiwa baridi. Nisiporidhika, hela inarudi." Akikubali, nenda. Akikataa hata moja kati ya hayo, mwache amuuzie huyo mteja mwingine.